Mguu Usiouma

Mume wangu ndiye aliyeiona pini. Nilikuwa nimeshinda nayo tangu asubuhi, imezama kwenye unyayo wa mguu wa kulia hadi kwenye kichwa chake. Nilikuwa nimekanyaga cherehani, nimekwenda sokoni na kurudi, nimepanda mawe hadi nyumbani. Jioni nilikaa barazani nikanyoosha miguu nipunge upepo, naye akauliza hicho kinachong'aa ni nini. Akaenda kuchukua koleo, akaivuta. Ilitoka na damu kidogo tu. Nikaitazama kwenye kiganja chake, nikamwambia hiyo ni ile yangu yenye kichwa cha bluu, nilikuwa naitafuta.

"Hukuisikia?"

"Sikuisikia."

Akainamia mguu wangu tena, akaubonyeza kwa kidole gumba hapa na pale, kama mtu anayechagua parachichi. Akaenda kurudisha koleo mahali pake.

Nilikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na miguu ilikuwa imekufa ganzi polepole kiasi kwamba siwezi kusema ilianza lini. Kwanza vidole, halafu nyayo, kisha ganzi ikapanda ikapita vifundo. Watu wakiniuliza kama miguu inauma, nilisema haiumi, na sote tulichukulia hiyo kuwa habari njema.

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule na za kwaya, na magauni ya vitenge kwa wanaokwenda harusini. Kibanda changu kilikuwa chini ya kilima, upande wa Ilemela, jijini Mwanza, na nyumba yetu ilikuwa juu, katikati ya majabali. Pikipiki haikufika mlangoni. Unashukia chini, halafu unapanda ngazi ambazo kila jirani alizisakafia kwa namna yake, nyingine fupi, nyingine ndefu, nyingine zimeachwa jiwe tupu. Mume wangu alikuwa amestaafu kiwanda cha samaki kule Nyakato, alikofanya kazi kwenye vyumba vya baridi. Watoto wameshatawanyika na familia zao. Tulikuwa tumebaki wawili.

Mguu ulianza kuvimba msimu wa sare za Pasaka. Kwaya mbili zilikuwa zinanisubiri, na mimi cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo nilikanyaga. Mteja mmoja ndiye aliyesema, "Fundi, mbona kiatu kimoja umekikata?" Ni kweli nilikuwa nimekikata kwa mkasi, kwa sababu hakikuingia tena. Mguu ulikuwa mwekundu, na ukiweka mkono juu yake unasikia joto kama la kikaango kilichotolewa jikoni muda si mrefu. Lakini hauumi. Nikamaliza sare zote, waimbaji wakaja kuzichukua, na siku ya sikukuu nikawaona wamesimama mbele wamependeza, mimi nimekaa benchi la nyuma, mguu umegeukia ndani kama si wangu.

Kwenye zahanati moja walinipa dawa za kuua vijidudu. Hazikusaidia. Tukaenda kituo kingine cha afya, na huko mganga aliutazama mguu kwa muda mrefu, akaugusa na kuugeuza. Ulipogeuka ulitoa sauti ya changarawe ndani ya mfuko. Akavua glavu akasema mguu huo umeoza ndani, ni bora ukatwe mapema kabla uozo haujapanda.

Nikasema, "Sawa."

Nilisema vile vile ambavyo ningesema kama angeniuliza kama chai iwe ya maziwa. Nakumbuka ukuta ulikuwa na kalenda yenye picha ya twiga, na nilikuwa naiangalia hiyo. Mume wangu akageuka akanitazama.

"Sawa nini?"

"Si amesema ukatwe?"

"Hukatwi," akasema. Akamgeukia mganga kwa upole, maana yeye si mtu wa kupandisha sauti. "Dokta, tunashukuru. Tutakwenda kuuliza na kwingine." Akaninyanyua kwa kunishika kwapani, tukatoka. Nami sikumuuliza kwa nini amekataa. Ni mguu wangu na ni yeye aliyeutetea. Nilikuwa kama mtu aliyesindikiza mgonjwa.

Hospitali kubwa tulikutana na daktari wa mifupa, mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa. Aliniamkia kabla ya kuvaa glavu. "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba. Hakuharakisha. Alinifumbisha macho akanigusa nyayo kwa kitu chembamba, akaniambia niseme "hapo" kila ninapoguswa. Nikakaa nimefumba macho nikisubiri aanze. Alipoamuru nifumbue, alikuwa ameshamaliza.

Akatuonyesha picha ya eksirei. "Mama, huu haujaoza. Umevunjika. Mifupa ya kifundo imesagika, nawe umeendelea kuikanyaga kwa sababu haikukwambia kitu. Mtu mwingine angepiga kelele siku ya kwanza akakaa chini. Wewe mwili wako haukupiga kelele."

Alinifunga kwanza hogo la plasta, kubwa na zito, ili joto la mguu lishuke. Nililivaa muda mrefu. Nilikuwa naenda wanalifungua, wanaupima joto, wanafunga jingine. Joto liliposhuka, kifundo kilikuwa kimebaki kimelala upande, na ningekuwa nakanyagia mfupa wa pembeni hadi ngozi itoboke. Hapo ndipo aliponieleza kuhusu msumari.

Alichora nyuma ya bahasha ya picha. "Tutaunganisha kisigino, kifundo na mfupa wa muundi viwe mfupa mmoja. Pale hapatakunja tena maisha yako yote. Lakini utasimama juu yake." Akachora mstari mnene kutoka chini ya kisigino kupanda juu. "Huu ni msumari. Unaingilia huku chini, unapita ndani ya mifupa yote mitatu, tunaukaza na skrubu. Sasa, misumari tuliyozoea inabana siku ile ya operesheni basi. Mifupa inapoanza kupona hujila kidogo pale inapokutana. Panabaki mwanya, na msumari hauna habari. Huu ndani yake una chuma kinachovutika. Tunakivuta tukiwa tunauweka, kinabaki kinataka kurudi kilipotoka. Mifupa ikilegea, chenyewe kinaifuata na kuibana."

"Kama lastiki ya sketi," nikasema.

"Kama lastiki. Ila ni chuma."

"Lastiki huchoka."

Akacheka. "Hii tunaomba ichoke mfupa ukiwa umeshashika."

Msumari wenyewe haukuwa kitu cha kukuta kabatini kila siku. Ulikuja na madaktari wageni waliokuwa wanafika mara kwa mara kufanya kazi pamoja na wale wa kwetu, na daktari aliniwekea nafasi kwenye safari yao. Jirani mmoja alipopata habari aliuliza kama nitafungwa antena, vile vyuma vinavyochomoza nje ya mguu. Nikamwambia hapana, changu kitakaa ndani, hakuna atakayekiona. Akaonekana kusikitika kidogo.

Siku ya operesheni walinichoma sindano ya ganzi mgongoni. Sehemu yote ya chini ikaondoka. Kwa watu wengine hiyo ni ajabu. Kwangu ilikuwa ni kuongezewa tu kitu nilichokuwa nacho. Waliweka pazia la kijani kifuani ili nisione, na nikalala macho wazi. Kwetu kilimani watu huvunja mawe kwa nyundo na tindo ili wapate nafasi ya kujenga, na sauti niliyoisikia nyuma ya pazia ilikuwa ile ile, chuma juu ya chuma, na kila ilipopiga, kichwa changu kilisogea kidogo kwenye mto.

Nesi aliyekuwa amekaa kichwani kwangu akainama. "Unasikia maumivu, mama?"

"Nasikia nyundo."

"Nyundo ni sawa," akasema, akanifuta jasho ambalo sikujua ninalo.

Kurudi nyumbani walinipandisha kwa kiti cha plastiki. Mume wangu alishika mbele na vijana watatu wa pale mtaani wakashika nyuma na pembeni, wakipumzika kwenye kila jabali pana. Amri ilikuwa moja: mguu usiguse chini. Si kidogo, si kwa kusahau, si kwenda chooni. Wanaosikia maumivu hawahitaji kuambiwa mara mbili, lakini mimi ningeweza kuukanyaga msumari hadi upinde na nisijue. Kwa hiyo mume wangu alinifunga kitambaa chekundu juu ya hogo ili nikiteremsha macho nikumbuke.

Miezi ile alipika yeye. Alianza na ugali wenye mabonge na mboga zilizochemshwa bila kukaangwa, halafu akajifunza. Alinifulia, alinibebea maji ya kuoga. Alinidunga sindano ya sukari asubuhi kabla hajanywa chai yake. Mimi nilikaa mlangoni. Kutoka pale unaona ziwa lote upande mmoja na uwanja wa ndege upande mwingine. Ndege zilishuka, zikapaa. Mitumbwi ya dagaa ilirudi asubuhi. Watu walipokuja kunijulia hali walisema nina subira sana. Haikuwa subira. Subira ni ya mtu anayetaka kitu kifike.

Simu ya mdogo wangu wa kiume ilikuja mchana, mume wangu akiwa anamenya viazi jikoni, nami nimekaa kando yake. Kwetu ni Majita, upande wa Mara, kijiji kilichokaa kabisa ufukweni, na mama yangu alikuwa bado anaishi huko na huyo mdogo wangu.

"Dada," akasema. "Mama ametutoka."

Nikauliza, "Amevaa nini?"

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Sijaangalia, dada," akasema.

Mume wangu alikuwa ameshasimama, kisu mkononi. Alijua bila kuambiwa. Alilia pale pale, jikoni, mtu mzima yule, kwa mkwe wake aliyekuwa anamtania kila wanapoonana. Mimi nikachukua kisu nikaendelea na viazi, kwa sababu maji yalikuwa yameshachemka.

Tulimpigia daktari. Akasema naweza kusafiri iwapo mguu utakuwa umenyooshwa juu ya kiti na hautagusa ardhi hata msibani. "Pole sana, mama," akasema. "Nakuomba hilo tu. Usisimame, hata wakisimama wote." Wakanishusha tena kwa kiti cha plastiki, tukapanda gari dogo, mimi nimejaza siti yote ya nyuma, na kile kiti tukakifunga juu ya gari.

Kijijini walinipokea kwa vilio, kama inavyopaswa. Wanawake walinijia wakiwa wamejifunga vitenge viunoni, wakaniinamia mmoja mmoja, machozi yao yakanilowanisha shingo. Nami nilishika mabega yao na kusema poleni. Nilisubiri. Nilidhani kilio kitakuja nikimwona. Nikaletwa mbele ya jeneza, wakafungua, nikamwona. Walikuwa wamemvika gauni jeupe la dukani. Mshono wa kola ulikuwa umekwenda upande. Hicho ndicho nilichokiona.

Kaburini waliniweka karibu na udongo uliochimbwa. Miguu ya kiti ikazama kwenye udongo ule laini, nikainama upande mmoja, mume wangu akanishikilia mgongoni ili nisianguke. Watu wote walisimama kwa sala. Nilikuwa chini peke yangu, naona viuno vya watu na mikono iliyoshikana. Ulipofika wakati wa kutupa udongo, mdogo wangu aliuokota akaniwekea kiganjani. Ulikuwa na unyevu na mizizi midogo. Nikautupa. Nikawaza kwamba ni lazima ninawe vizuri kabla ya sindano ya jioni.

Nilisikia watu wakisema. Hawakusema kwa ubaya, lakini nilisikia. Kwamba mtoto mkubwa amekuja amekaa tu kama mgeni wa heshima. Kwamba Mwanza inakausha watu.

Baadaye mama mdogo, mdogo wake mama aliyemfuata kuzaliwa, alikuja nilipokuwa nimewekwa kwenye kibaraza cha jikoni. Yeye hana maneno laini. Utotoni tulimwogopa. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia na macho yalikuwa yamevimba.

"Mbona hulii?"

"Sijui, mama mdogo."

"Hujui?"

"Nangoja kilio lakini hakiji."

Nilidhani atanitukana. Halafu akaingia jikoni, akatoka na ungo uliojaa maharage, akaniwekea mapajani.

"Basi kama umekaa tu, chambua haya. Watu wanataka kula."

Nikachambua. Yalikuwa na mawe mengi na vipande vya majani makavu. Nilipomaliza akaleta mengine, halafu mchele. Siku zote za matanga hiyo ilikuwa kazi yangu, mguu wenye kitambaa chekundu ukiwa juu ya gunia la mkaa, na mikono ikienda. Hakuna aliyesema tena kwamba nimekaa kama mgeni. Mama mdogo hakurudia swali lake. Alikuwa akipita ananiachia ungo, anachukua uliokwisha, basi.

Tuliporudi Mwanza, daktari alinipiga picha nyingine. Akaibandika kwenye taa na kuisogelea hadi pua ikakaribia kugusa. Akaniita nami nisogee.

"Angalia hapa. Siku tulipouweka msumari, hiki chuma cha ndani kilikuwa huku juu. Sasa kimeshuka. Mifupa ilijila, chuma kikaifuata. Na huu weupe unaovuka ni mfupa mpya. Unashika, mama." Alikuwa amefurahi kweli, kama mtu aliyeona mbegu imeota. "Umefurahi?"

"Nimefurahi," nikasema, kwa sababu alistahili kusikia hivyo. Mume wangu alimshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia mapema.

Kuanza kutembea hakukuwa kama nilivyofikiri. Nilitumia magongo kwanza, halafu gongo moja, halafu kiatu chenye soli nene iliyopinda mbele na nyuma kama mguu wa kiti cha kubembea. Kifundo kisichokunja kinakutaka urushe mguu mzima kutoka kiunoni. Ardhi tambarare niliiweza. Mawe ya nyumbani sikuyaweza. Kupanda nilipanda kwa makalio, ngazi moja moja, na kushuka vivyo hivyo, nikiwa na umri huu, majirani wakigeuza nyuso ili wasinione. Siku moja mume wangu alikaa kwenye jabali lililo mbele ya mlango, akalitazama ziwa, akasema tuhame.

Nyumba ile tuliijenga wenyewe. Mawe ya msingi yalivunjwa pale pale kwa mikono yake. Nilimuuliza kama ana uhakika. Akasema, "Nimechoka kukuona ukiburuzika." Tukampangisha mwalimu mmoja mwenye watoto wenye miguu mizima, nasi tukapata vyumba Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga, mahali pakavu, penye vumbi na malori, tambarare kama meza. Ziwa halionekani. Nilipomwona mume wangu jioni ya kwanza ametoka nje na kiti chake, akasimama akikizungusha, hajui akielekeze wapi, nilijua ametoa kitu kikubwa. Akakielekeza barabarani.

Cherehani ya kukanyaga ilinishinda. Kukanyaga ni kifundo, na sina. Nilijaribu kwa mguu wa kushoto, uzi ukakatika, nguo ikaenda upande. Mwishowe fundi wa umeme alinifungia mota, kitufe chake nakibonyeza kwa goti. Inakwenda haraka kuliko ninavyopenda. Lakini wateja wa Buhongwa hawanijui nilivyokuwa. Kwao mimi ni fundi anayetembea vile, na nguo zangu zinawakaa.

Mwaka uliofuata tulikwenda Majita kulijenga kaburi la mama. Nilishuka garini mwenyewe, nikatembea uwanjani hadi kwenye nyumba, watu wakiangalia. Mama mdogo alikuwa mlangoni. Aliniangalia kutoka mbali hadi nilipomfikia, nikamwamkia, akaitikia.

"Unatembea kama bata," akasema.

Nikacheka. Ilinitoka tu, kubwa, hadi mume wangu akageuka. Mama mdogo naye akacheka kwa sauti yake ile mbaya, akajifuta macho na ncha ya kitenge.

Mafundi walisakafia kaburi, mchungaji akasali. Mara hii nilisimama na wengine. Sikulia. Nimeacha kungoja.

Tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, mama mdogo akaniita chumbani. Alikuwa na kitenge kipya amekikunja vizuri, alikuwa amekiweka muda mrefu, akasema kwa kuwa nimeanza tena kazi nimshonee gauni la kanisani, na lisibane kifuani. Nikatoa futi ya kupimia kwenye mkoba. Nikampima kiuno, nikampima mkono, halafu nikasimama nyuma yake nipime mabega.

Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia. Si sana. Mtu asiye fundi asingeona. Mama alikuwa hivyo hivyo, upande ule ule, na kila nilichowahi kumshonea nilikiongezea kitambaa kidogo hapo ili gauni likae sawa, wala sikuwahi kumwambia. Sikujua kwamba mdogo wake naye yuko hivyo. Sikuwahi kumpima.

Futi ilikuwa juu ya mabega yake na mikono yangu juu ya futi. Nikabaki hivyo.

"Vipi?" akasema bila kugeuka. "Nimenenepa?"

"Hapana," nikasema. "Simama hivyo hivyo kwanza, mama mdogo."

Akasimama.